Gari la Zamani Lililonyanyuliwa: Kusoma Dalili Kabla ya Kununua Vipuri

Mkazi wa Gungu, Mwanga au Ujiji mjini Kigoma anayemiliki Toyota Corolla ya miaka ya 1990 hukutana mapema na haja ya kulinyanyua gari lake. Msimu wa mvua huchimba makorongo katikati ya barabara za vumbi, mawe hugonga sampu ya oili, na madumu ya mawese au magunia ya dagaa yaliyopangwa kwenye buti hulikalisha gari kwa nyuma hadi matairi yakaribie kugusa bodi. Fundi huweka spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo kwenye shokapu au springi, mbele na nyuma, gari husimama vizuri, na mwenye gari huondoka ameridhika. Baada ya wiki chache gari huanza kula matairi, kuvuta upande mmoja au kugonga kwa chini, na hapo ndipo fedha huanza kupotea. Hununuliwa tai rodi (fito inayogeuza gurudumu), kisha bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoruhusu gurudumu kugeuka), kisha raki nzima ya usukani, vyote vikiagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa njia ya reli, na dalili hubaki palepale kwa sababu vipuri vilivyotolewa havikuwa vibovu. Kilichobadilika ni pembe ambazo vipuri hivyo vinafanyia kazi.

Mwongozo huu unahusu hasa Corolla za kizazi cha E100 na E110, zenye shokapu zilizovishwa springi mbele na nyuma na zinazoendeshwa na magurudumu ya mbele. Sehemu kubwa yake inafaa pia kwa Sprinter na Carina za kipindi hicho. Mwishoni nimegusa magari yenye ekseli ya mbele isiyokatika, kwa kuwa matatizo yake ni ya namna nyingine.

Swali la kwanza: lilinyanyuliwa kwa njia gani?

Kabla ya kuingia uvunguni, mwulize mwenye gari au uangalie mwenyewe ni njia ipi iliyotumika, kwa maana dalili moja huwa na visababishi tofauti kulingana na njia hiyo.

Spesa iliyowekwa juu ya mauntingi ya shokapu (kishikio chake cha juu), yaani kati ya mauntingi na bodi, huishusha shokapu nzima. Ugumu wa springi haubadiliki na safari ya shokapu hubaki ileile, lakini gurudumu likiangukia shimoni huning'inia chini zaidi kuliko kiwanda kilivyokusudia. Wanaoteseka hapo ni shafti, bol jointi na mpira wa breki.

Spesa iliyowekwa kwenye kikalio cha springi, ndani ya shokapu, hufanya kazi kinyume chake. Urefu wa juu kabisa wa shokapu haubadiliki, kwa hiyo kila milimita gari linayopanda inapungua kwenye nafasi ya gurudumu kushuka. Gari la namna hii hugonga kila linapovuka tuta, wakati magurudumu yanaposhuka upande wa pili.

Raba zinazopachikwa katikati ya mizunguko ya springi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, nami siishauri. Raba huzuia mizunguko miwili isifanye kazi, hivyo springi hugeuka ngumu na mzigo wake hubebwa na mizunguko michache iliyobaki. Aidha, ni nadra raba ya kulia na ya kushoto kukaa sawa kabisa, na gari huanza kulala upande bila mtu kugundua. Njia ya nne ni springi ndefu au nene zaidi. Hii ndiyo iliyo safi kuliko zote, ili mradi springi hizo ni za gari lenye uzito unaokaribiana na wa gari lako.

Vipimo vitatu vya kuchukua bila mashine

Mashine ya alaimenti, yaani ya kupima pembe za magurudumu, ni bora, na mwishowe gari linapaswa kupelekwa huko. Hata hivyo, vifaa vya fundi ujenzi vinatosha kukuambia kosa liko upande gani: timazi, uzi, rula ya chuma na mpira wa maji. Tafuta sakafu iliyo tambarare na uihakiki kwa mpira wa maji, kwa kuwa Kigoma ni mji wa miteremko na uwanja unaoonekana sawa kwa macho mara nyingi si sawa. Jaza upepo sawasawa katika matairi yote manne.

Kimo hupimwa kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, katika kila kona. Kulia na kushoto visipishane kwa zaidi ya milimita 10. Usishangae kukuta upande wa dereva umeshuka zaidi, kwa sababu springi ya upande huo imebeba mtu kwa zaidi ya miaka 25.

Kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele, hupimwa kwa kuning'iniza timazi mbele ya rimu na kulinganisha umbali wa uzi hadi ukingo wa juu na hadi ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 14, ambayo kipenyo cha ukingo wake ni takriban milimita 390, tofauti ya milimita 6.8 ni sawa na digrii moja.

Tou ni mwelekeo wa magurudumu ya mbele yakitazamwa kutoka juu: je, yamefumba kwa mbele au yamepanuka? Nyanyua sehemu ya mbele kwa jeki, weka stendi imara, zungusha tairi huku ukilichora mstari mmoja kwa msumari uliokazwa kwenye kipande cha mbao kisichotikisika, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Shusha gari na ulisukume mita mbili au tatu ili shokapu zikae mahali pake. Wengi huruka hatua hii na kupata vipimo vya uongo. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa nyuma ya matairi, kisha kwa mbele, kwa kimo kilekile. Kipimo cha mbele kikiwa kidogo, magurudumu yamefumba. Kikiwa kikubwa, yamepanuka. Magari haya hutakiwa kuwa karibu sana na sifuri.

Gari linakula matairi ya mbele

Hii ndiyo dalili inayoletwa gereji kuliko zote, na tairi lenyewe hueleza kisa chake likipapaswa kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kiganja kikiteleza vizuri kwenda nje na kukwaruzwa kikirudi ndani, magurudumu yamepanuka mbele. Kikikwaruzwa kikienda nje, yamefumba kupita kiasi. Tairi lililoisha ukingo mmoja tu, na likapapaswa laini kila upande, linalalamikia kemba.

Corolla iliyonyanyuliwa kwa spesa mara nyingi huonyesha mambo mawili kwa pamoja. Gari linapopanda, kono la chini, ambalo gereji nyingi huliita wishiboni, huinama zaidi na kuvuta sehemu ya chini ya gurudumu kuelekea ndani, hivyo gurudumu hufunguka juu na kuanza kuisha ukingo wa nje. Wakati huohuo tai rodi nayo huinama. Kwa kuwa raki ya magari haya iko nyuma ya mstari wa ekseli, tai rodi iliyoinama huvuta ndani sehemu ya nyuma ya gurudumu, na magurudumu hupanuka mbele. Kati ya makosa hayo mawili, la tou ndilo linaloua tairi haraka. Chukua tairi la 175/65 R14, lenye kipenyo cha takriban milimita 583. Mistari ikipishana milimita 10, kila gurudumu limepinda milimita 5, na hiyo maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja tairi huburuzwa pembeni takriban mita 8.6. Katika safari ya kilomita 100 ni mita 860 za kusuguliwa juu ya lami au changarawe, nazo hakuna tairi linaloweza kuzivumilia kwa muda mrefu.

Tiba huanza na tou kwa sababu haina gharama ya kipuri. Kurefusha tai rodi husukuma nje nyuma ya gurudumu na kufumba mbele. Zungusha ya kulia na ya kushoto kwa kiasi kilekile, ukihesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati ya kufungia. Kichwa cha tai rodi kisibaki kimeshikwa na nyuzi chache. Binafsi sikubali urefu ulioingia ndani upungue mara moja na nusu ya kipenyo cha rodi. Ukifika hapo na magurudumu bado yamepanuka, spesa ni ndefu mno kwa gari hilo na inapaswa kupunguzwa. Kemba hurekebishwa kwa boliti nyembamba zenye kishungi (sehemu iliyovimba upande mmoja), ambazo huwekwa mahali pa mojawapo ya boliti mbili zinazofunga shokapu kwenye nakeli, yaani chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Kupanua tundu kwa tupa nimekuona kukifanywa, na nimeona pia boliti ikiteleza barabarani kwa sababu tundu lilikuwa kubwa kuliko uwezo wa kukaza.

Jambo la mpangilio: rekebisha kemba kwanza, tou baadaye, kwa kuwa kugusa kemba huharibu tou kila mara, ilhali kugusa tou hakubadilishi kemba kwa kiasi cha kujali.

Gari linavuta upande mmoja

Tenganisha kwanza kuvuta kwa kudumu na kuvuta wakati wa kukanyaga breki. Kuvuta kwenye breki pekee kunahusu kalipa, pedi au bushi ya wishiboni iliyokatika. Kumbuka pia kwamba barabara zetu zimeinamishwa pembeni ili maji yatiririke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hata gari lisilo na kasoro huelekea kushoto polepole ukiachia usukani. Lifanyie jaribio kwenye sehemu ya barabara iliyo sawa na isiyo na magari.

Ikithibitika kuwa linavuta, badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto. Uvutaji ukihama upande, kosa ni la tairi, na umeokoa fedha nyingi kwa kazi ya dakika 20. Usipohama, linganisha kemba ya pande mbili: gari huvutwa kuelekea upande ambao gurudumu limefunguka juu zaidi. Mara nyingi nikifuatilia nakuta spesa mbili zisizolingana, moja ikiwa imechongwa na fundi wa vyuma kwa milimita 30 na nyingine kwa 35, au raba moja ya springi imechomoka.

Iwapo gari haliendi upande wowote ila usukani umekaa mshazari, hakuna kilichoharibika. Aliyepima alaimenti alizungusha tai rodi ya upande mmoja tu. Fungua zote mbili, moja irefushwe na nyingine ifupishwe kwa kiasi sawa, hadi usukani unyooke.

Usukani haurudi wenyewe, au gari linatangatanga

Usukani hurudi katikati baada ya kona kwa sababu ya kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kuelekea nyuma. Corolla ina kasta ya digrii chache tu, na gari likipandishwa nyuma kuliko mbele hiyo ndiyo inayoliwa. Umbali kati ya ekseli za E100 na E110 ni milimita 2,465, kwa hiyo nyuma ikipanda milimita 43 zaidi ya mbele, gari limeinama digrii moja kuelekea mbele na limepoteza digrii moja ya kasta. Wenye magari ya kubebea mawese hufanya kosa hili kwa nia njema kabisa: huweka spesa nene nyuma ili gari lisilale likipakiwa, kisha hulalamika kwamba likiwa tupu linayumba. Ni halali yake kuyumba. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa takriban kilo 18, na madumu kumi ni kilo 180 ambazo hazipo gari likirudi tupu. Tiba hapa ni springi za nyuma zenye ugumu zaidi pamoja na spesa ndogo, badala ya spesa kubwa peke yake, na gari lipimwe likiwa na mzigo ambao hubeba siku nyingi.

Kabla ya kulaumu kasta, nyanyua mbele na ugeuze gurudumu kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Linapaswa kwenda kwa ulaini uleule njia nzima. Likikwama na kuachia ghafla huku springi ikitoa mlio wa kuruka, beringi ya juu ya shokapu imekufa. Vumbi jekundu na tope huingia humo kwa urahisi, hasa pale ambapo fundi aliyeweka spesa hakurudisha kifuniko cha mpira.

Gari linaruka kulia au kushoto kwenye matuta bila usukani kuguswa

Tai rodi na wishiboni hutakiwa kupanda na kushuka kwa miduara inayofanana. Zikiinama kupita kiasi, kila gurudumu linapopanda hubadili mwelekeo wake lenyewe, na dereva huhisi kama kuna mtu mwingine anayeshika usukani. Kwenye kona za barabara ya Manyovu jambo hili ni la hatari. Hakiki kwanza bushi za raki, kwa sababu raki inayotembea kwenye vishikio vyake hutoa dalili hiyohiyo: mtu mmoja atikise usukani injini ikiwa inaunguruma, na mwingine atazame kama raki inasogea. Ikiwa imetulia, ushauri wangu ni mmoja tu, nao ni kupunguza kimo. Kwa magari haya mimi sivuki milimita 30 mbele. Mtu asikubali mkono wa nakeli upashwe moto na kupindwa, wala tai rodi iunganishwe kwa kuchomelewa. Ikikatika, gurudumu halina tena kinacholiongoza.

Mlio wa kugonga na mtetemo

Kugonga mara moja wakati gurudumu linaposhuka kutoka kwenye tuta ni dalili ya spesa ya kwenye kikalio cha springi, kama nilivyoeleza. Kugongagonga mfululizo kwenye barabara ya mawe madogo kwa kawaida ni stabilaiza linki, fito fupi inayounganisha shokapu au wishiboni na chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kutoweka ukiachia hutoka kwenye jointi ya ndani ya shafti, na sauti ya ta-ta-ta ukikata kona kali ni ya jointi ya nje. Zote mbili huumia kwa pembe iliyoongezeka. Tazama mipira ya kuzuia grisi: iliyopasuka kwenye mikunjo yake, ikiwa bado mipya, imepinda kuliko uwezo wake, na kubadili shafti bila kushusha gari ni kununua shafti nyingine ya kuharibu.

Kuna kosa moja ambalo halipigi kelele mapema nalo hunisikitisha kwa kuwa kuliepuka ni bure. Bushi za wishiboni ni za mpira ulioshikamana na vyuma vya ndani na nje. Mpira wenyewe ndio unaojipinda kono linapopanda na kushuka. Boliti zake zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, kisha likashushwa, bushi hubaki zimesokotwa muda wote hata gari likiwa limeegeshwa, nazo huchanika ndani ya miezi michache. Hivyohivyo hutokea gari linaponyanyuliwa na boliti za zamani zikaachwa zimekazwa katika pembe ya zamani. Baada ya kazi yoyote ya kubadili kimo, legeza boliti za bushi, shusha gari kwenye magurudumu yake, litikise kwa nguvu mara kadhaa, ndipo uzikaze.

Mpira wa breki

Hili lisisubiri dalili. Gurudumu likiwa limening'inia kabisa, geuza usukani hadi mwisho wa kulia na hadi mwisho wa kushoto, na utazame mpira wa breki kila upande. Ukionekana umekazika kama uzi wa timazi, gari lisitoke gereji. Kwenye Hiace na Hilux angalia pia vali ya nyuma inayopima mzigo, iliyounganishwa kwa fito na ekseli: nyuma ikipandishwa, vali hudhani gari ni tupu siku zote na hupunguza nguvu ya breki za nyuma hata gari likiwa limejaa. Fito hiyo inapaswa kurekebishwa ifuate kimo kipya.

Magari yenye ekseli ya mbele isiyokatika

Hilux za zamani na Land Cruiser mkonga zenye springi za vyuma bapa hazibadilishi kemba zikinyanyuliwa, kwa kuwa magurudumu yote mawili yako kwenye ekseli moja. Kinachobadilika ni kasta. Shakoli (kiungo kinachoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi) ndefu iliyofungwa ncha ya mbele ya springi huizungusha ekseli na kupunguza kasta, na gari huanza kutangatanga au kutetemesha usukani kwa nguvu baada ya kupiga shimo. Kabari za chuma kati ya springi na ekseli hurudisha pembe hiyo, zikikazwa kwa boliti ya katikati yenye urefu wa kutosha.

Land Cruiser zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zenye springi za mduara mbele zina kisa cha ziada. Ekseli yao hushikwa kwa upande na fito moja ndefu, ambayo ncha yake moja iko kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Gari likipanda, fito hiyo huivuta ekseli nzima upande mmoja. Pima umbali kutoka ukingo wa chesisi hadi ukuta wa ndani wa tairi, kulia na kushoto. Tofauti ya hivyo vipimo viwili ukiigawa kwa mbili ndicho kiasi ambacho ekseli imehama, na fito inayoweza kurefushwa huirudisha katikati. Usukani nao utakuwa umekaa mshazari kwa sababu rodi inayotoka kwenye boksi ya usukani imeinama. Unyooshe kwa kurekebisha urefu wa rodi hiyo, wala usiung'oe usukani wenyewe na kuurudisha kwa meno mengine, kwa kuwa ukifanya hivyo boksi haitakuwa tena katikati na gari litakata kona vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Kazi ikikamilika, liendeshe gari kilomita 500 za matumizi ya kawaida, kisha rudia vipimo vyote vitatu kwenye sakafu ileile. Springi mpya hukaa chini milimita chache, boliti za kemba zinaweza kuwa zimesogea, na tou ya siku ya kwanza huenda isiwe ya leo.